Ndimi Mbili za Mama

Mtaani walimwita Wembe, na si kwa ajili ya kisu chake cha kukatia ngozi. Alikuwa fundi viatu, mwanamke wa miaka arobaini na minne, mwenye kibanda cha mabati kilichoegemea ukuta wa kiwanda cha sabuni, na alikuwa na mdomo ambao wateja waliuogopa na kuufuata hapo hapo. Mtu akimletea kiatu kilicholika soli mpaka basi, Wembe alikigeuza, akakitazama, akamtazama na mwenyewe, kisha akasema, "Hiki hakitaki fundi, kinataka sanda." Waliokuwapo walicheka, mwenye kiatu naye akacheka kwa shingo upande, na kesho yake akakuta kiatu kimefufuka. Kazi yake haikuwa na mfano. Hata ule ulimi wa kiatu, kile kipande kinachokaa chini ya kamba ambacho mafundi wengi hukibandika ilimradi siku ziende, yeye alikishona kwa mkono, uzi mara mbili, kisikimbilie upande.

Jirani yake wa kibanda cha pili alikuwa seremala, mwanamume mpenda utani ambaye ndiye peke yake aliyeweza kumjibu Wembe na kubaki na heshima yake.

Asubuhi moja mama yake Wembe alianguka akiwa anaanika nguo. Kiharusi. Walipofika hospitali mkono wa kulia ulikuwa umelala kama si wake. Daktari, kijana mpole, aliinama mbele yake akasema, "Mama, hebu toa ulimi." Ulimi ulitoka, lakini ulielekea kulia, kama mtu anayechungulia nje ya mlango. Akamwambia, "Sasa taja jina lako." Mama alisema kitu. Alisema kirefu, kwa utulivu, akimtazama daktari machoni, na hakuna aliyeambulia neno.

"Maneno yamevurugika," daktari alimweleza Wembe kando. "Hutokea. Mpe muda, zungumza naye, usimchoshe."

Basi Wembe akampeleka mama nyumbani, kwenye vyumba vyao viwili, akahamishia kazi yake dirishani karibu na kitanda. Seremala alimpokelea viatu vya wateja akavileta jioni kwenye gunia. Na waliokuja kumjulia hali mgonjwa walishangaa: yule mwenye ulimi wa pilipili sasa alikuwa anazungumza kama anayembembeleza mtoto mchanga. "Ndiyo, mama." "Kweli kabisa, mama." "Haya, fungua mdomo, mama yangu mzuri." Mama aliposema yale maneno yake yasiyoeleweka, Wembe alitikisa kichwa kama ameelewa yote.

Tabu ilikuwa kwenye chai. Kila Wembe alipompelekea kikombe mdomoni, mama aligeuza uso akasema jambo. Wembe akafikiri ni sukari, akapunguza, akaongeza. Akafikiri ni moto; akaipoza mpaka ikafanya utando. Akabadilisha kikombe. Wakati mwingine mama aliinua mkono wa kushoto, ule mzima, akaunyoosha hewani, na Wembe akaushika kwa upendo, akaubusu, akaurudisha chini ya shuka. Hapo mama alifumba macho, akanywa mafunda mawili, akaacha.

Siku ya kumi na tisa, Wembe alikuwa akishona kiatu cha mwanafunzi. Chai ilikuwa imeiva; akaweka sindano chini, akachukua kikombe. Mama akageuza uso, akasema. Na Wembe, kwa mara ya kwanza, badala ya kusema "ndiyo, mama," alisikiliza.

Ilikuwa sentensi ile ile. Si leo tu, hata jana. Ilianza chini, ikapanda, ikaishia na sauti moja ya ajabu ambayo herufi zetu hazina, kama mtu aliyebana ulimi kwenye kaakaa akaachia pumzi itokee shavuni. Mtu aliyevurugikiwa, Wembe alijiambia, hawezi kukosea vile vile siku kumi na tisa mfululizo.

Ile sauti aliwahi kuisikia. Alikuwa mdogo, hajaanza shule. Mama na mdogo wake walikuwa wanaosha vyombo uani, wanapokezana maneno na kucheka mpaka machozi, na kila baada ya maneno kadhaa ile pumzi ilipita shavuni. Kisha bibi, mama mzaa baba, akatokea mlangoni. Bibi hakupenda kicheko asichokijua chanzo chake. "Humu ndani kwangu," alisema, "sitaki mtu mwenye ndimi mbili." Wembe alipokua alijua kwamba mwenye ndimi mbili ni mnafiki, akadhani bibi alikuwa akimsema mama kwa umbea. Kumbe bibi alikuwa akihesabu tu. Tangu siku ile mama aliifungia lugha ya kwao kifuani, hata watoto wake hakuwafundisha neno.

Na sasa kiharusi kilikuwa kimechukua lugha ya ukubwani na kuacha ile ya utotoni.

Wembe alimweka jirani mmoja akae na mama, akakimbia hadi kibandani. Seremala alikuwa anatengeneza fremu ya dirisha, anachonga ulimi wa mbao uingie kwenye tundu la mbao nyingine. Wembe akamweleza yote kwa pumzi moja.

"Sasa shida iko wapi?" seremala aliuliza. "Mlete mama yako mdogo. Si ndiye mwenye lugha?"

Wembe aliinama akaanza kuokota maranda chini. Seremala akakumbuka, akajishughulisha na patasi.

Ilikuwa imepita miaka sita. Siku ya msiba wa baba, Mama Mdogo alifika watu wameshatoka makaburini, wamekaa, wanakula. Wembe, ambaye macho yake yalikuwa yamevimba na moyo haupo mahali pake, alimtazama mbele ya umati akasema, "Wenzako walikuja kulia. Wewe umekuja kula." Wapo waliocheka, maana neno lilikuwa limekaa vizuri. Mama Mdogo aliweka chini mkoba wake, akauinua tena, akaondoka. Hakurudi kukanyaga nyumba ile, na dada mtu akawa anamfuata huko huko kwake kimyakimya.

Seremala alijaribu ule ulimi kwenye tundu. Haukuingia. Akauchomoa.

"Ukiwa mnene kuliko tundu," alisema, "hulazimishi kwa nyundo. Utapasua vyote viwili. Unapunguza kidogo, unajaribu, unapunguza tena."

"Unanisema mimi?"

"Nasema mbao," alijibu, bila kuinua kichwa.

Mama Mdogo alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia katika hoteli moja kubwa. Wembe aliingilia mlango wa nyuma, akapita kwenye mvuke na ngurumo za mashine, akamkuta amesimama mbele ya mlima wa mashuka meupe. Alikuwa amenenepa kidogo, na nywele za mbele zimekuwa kijivu. Alikuwa amefanana na mama mpaka Wembe akasahau alichopanga kusema.

"Shikamoo, Mama Mdogo."

"Marahaba." Akavuta shuka moja, akaitikisa. "Dada yangu amekufa?"

"Hapana! Yu hai. Anaumwa, lakini yu hai. Alipatwa na kiharusi."

Mikono ya Mama Mdogo ilisimama. "Lini?"

"Wiki ya tatu hii."

"Wiki ya tatu," alirudia. Halafu akatupa ncha mbili za shuka kwa Wembe. "Shika. Usisimame tu kama mlingoti, watu wako kazini."

Wembe akashika. Wakakunja, wakanyoosha, wakasogeleana, ncha kwa ncha, mpaka vidole vyao vikagusana. Mama Mdogo akachukua shuka iliyokunjwa akavuta nyingine. Shuka ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu.

Kwenye shuka ya nne Wembe alisema, "Siku ile ya msiba, Mama Mdogo. Ulimi uliteleza. Wanasema hauna mfupa."

"Usiusingizie ulimi. Ulimi ni nyama tu." Walisogeleana, safari hii Mama Mdogo hakuziachia ncha. "Basi liliharibika njiani. Nilitembea tangu alfajiri, mchana kutwa, kuja kumzika shemeji yangu. Wewe ni fundi viatu. Watu wote pale wangeweza kutoona, lakini wewe ni fundi viatu."

Wembe angeweza kusema kwamba hakuona. Lingekuwa jepesi.

"Niliona," alisema. "Viatu vyako niliviona ulipoingia. Vumbi lilikuwa limefika kwenye kamba, na kisigino kimoja kimeng'oka. Nilijua umetembea. Nikasema vile vile. Nilitaka kuwe na mtu mwingine anayeumia kuliko mimi. Nisamehe."

Mashine moja ikazima, na chumba kikapungua kelele. Mama Mdogo alilaza shuka juu ya rundo, akaipapasa kuondoa mkunjo ambao haukuwapo.

"Mama yako anasema nini?" aliuliza.

"Sijui. Ndiyo maana nimekuja. Anasema lugha yenu. Kiswahili kimemtoka chote. Kila nikimpa chai anasema…" Wembe akakusanya ulimi wake, akauinua, akaubana, akajaribu ile sentensi yote, pamoja na pumzi ya shavuni, ambayo ilitoka na mate.

Mama Mdogo alimkodolea macho. "Rudia."

Akarudia.

Mama Mdogo aliketi kwenye kikapu cha taulo. Mabega yalianza kutikisika, Wembe akadhani analia, akaharakisha kumshika. Kumbe ni kicheko, kicheko kile kile cha uani miaka ile, kimetoka kizima. "Umesema," alijikaza, "umesema, 'Niletee mbuzi nimbebe.'"

"Mama anataka mbuzi?"

"Hataki mbuzi, mwanangu! Wewe ndiye unayetaka mbuzi!" Akajifuta macho kwa taulo ya hoteli. "Zamu yangu inaisha saa tisa. Ningoje hapo nje. Na usimsemeshe mtu lugha hiyo njiani."

Saa kumi walikuwa mlangoni pa chumba. Mama alikuwa ameegemea mito, uso umeelekea ukutani. Mama Mdogo hakupiga hodi. Alisimama kizingitini akasema maneno machache, ya chini, kama mtu anayemwamsha mwenzake aliyelala naye mkeka mmoja.

Mama aligeuka. Upande mmoja tu wa uso ndio ulioweza kucheka, lakini ulicheka kwa niaba ya pande zote mbili. Halafu maneno yakaanza. Yalitoka kama maji ya bomba lililokatwa mwezi mzima, kwanza kwa kukohoa, kisha kwa nguvu, na Mama Mdogo aliyapokea akiwa ameshakaa kitandani, anaitikia, anakanusha, anapiga paja. Wembe alisimama katikati ya nyumba yake mwenyewe kama mgeni. Aliona wivu, akaona haya kwa kuona wivu, akaenda kutengeneza chai maana mikono ilitaka kazi.

Aliporudi na kikombe mama alikitazama, akamtazama Mama Mdogo, akaitoa ile sentensi.

"Haya," Wembe alisema. "Hiyo. Ni nini? Sukari?"

Mama Mdogo hakucheka safari hii. "Anasema, 'Nipe nishike mwenyewe.'"

Wembe alibaki na kikombe mkononi. Ule mkono wa kushoto uliokuwa ukiinuka kila siku. Ule mkono alioubusu na kuurudisha chini ya shuka. Alipiga magoti kando ya kitanda, akageuza kikombe kishikio kiwe upande wa kushoto, akampa.

Chai nusu ilimwagika shukani. Nusu iliyobaki mama aliinywa yote mpaka majani, akashusha kikombe mwenyewe, akasema jambo lingine.

"Anasema ni baridi," alitafsiri Mama Mdogo. "Anasema siku zote hizi ulikuwa unampa ya baridi."

Toka hapo Mama Mdogo akawa anakuja kila siku ya mapumziko yake, na siku nyingine alikuja tu. Wembe alianza kujifunza. Alijifunza njaa, kiu, mgongo, dirisha, funga, acha. Muuguzi aliyekuja kumnyoosha mama mkono alifurahi: yote ni mazoezi, alisema, lugha yoyote, hata ile ya Kiswahili inaweza kurudi.

Ikarudi, kidogo kidogo, na ilirudi kwa namna yake. Seremala alikuwa amemtengenezea mama ubao wa kuegemea, ameupiga msasa mpaka unateleza, akauleta kifua mbele. Mama aliukagua juu, akaukagua chini. Mdomo ukahangaika. Kisha, kwa Kiswahili safi, neno la kwanza baada ya miezi miwili, akasema, "Umepinda."

Seremala alimtazama mama, akamtazama Wembe. "Kumbe umerithi," alisema.

Siku moja, wakiwa watatu, Wembe aliuliza lililokuwa limemkaa kooni. "Mama, kwa nini hukunifundisha?"

Mama alitafuta jibu katika lugha zote mbili. Alianza na moja, akamalizia na nyingine, na Mama Mdogo akaunganisha pale palipokatika: hakutaka mwanawe naye aje kuambiwa ana ndimi mbili. Kisha mama akaongeza kitu, jicho lake moja likametameta.

"Amesema nini tena?"

"Anasema huo mmoja wenyewe ulikuwa ukiwatosha watu wawili."

Walicheka, na Wembe akacheka zaidi yao, maana alijua ni kweli. Nje jua lilikuwa linapungua ukali. Alivuta kiti karibu, akajaribu neno la siku hiyo, lile la kusema asante, ambalo ile pumzi ya shavuni imo mara mbili. Mama aliinua mkono wake wa kushoto, akajigusa shavu, akaonyesha pumzi inapotokea.

Wembe akajaribu tena.

"Bado," alisema mama. "Rudia."