Dakika Nne za Bwana Sekunde

Kwa nini kazi ileile, yenye data ileile, ikamilike kwa dakika nne katika kompyuta ya mezani, lakini ichukue dakika hamsini na moja katika wingu, yaani kwenye kompyuta za mbali zinazofikiwa kwa mtandao? Niliandika swali hilo katika ukurasa wa kwanza wa daftari langu la mafunzo kwa vitendo, na kwa wiki tatu sikuweza kulijibu.

Benki ya damu iliyonipokea ilihudumia hospitali kumi na mbili. Kila hospitali iliandika akiba yake katika faili lililohifadhiwa kwenye seva. Programu ya uchambuzi iliyasoma mafaili hayo na kuonyesha, kwenye ukurasa wa muhtasari ulioitwa dashibodi, chupa ngapi za kila kundi la damu ziko wapi. Muuguzi wa ugavi aliitazama dashibodi hiyo kila asubuhi, kisha akaamua gari liende wapi. Programu ilikuwapo mahali pawili: katika kompyuta ya mtakwimu mkuu, na katika wingu, ambako hospitali zote zingeweza kujionea zenyewe. Mkurugenzi alitaka kubakiza moja tu. Kazi ya kupima nilipewa mimi.

Mtakwimu aliitwa Bwana Sekunde kwa sababu alipima kila jambo kwa saa yake ya mkononi, hata chai kupoa. Nilipowasili saa moja na nusu, sikuzote nilimkuta ameshaketi, kikombe kitupu mbele yake.

"Bonyeza, binti."

Nilibonyeza. Dakika nne.

"Haya, sasa na lile wingu lenu."

Tulisubiri. Duara dogo lilizunguka kwenye skrini.

"Linanguruma tu, halinyeshi," alisema.

Muuguzi wa ugavi alicheka mlangoni. "Mzee, mwache mtoto wa watu! Wewe mwenyewe si ulichumbia miaka saba?"

"Sita na miezi mitatu," alisahihisha.

Ijumaa niliwasilisha ripoti: wingu lizimwe, kompyuta ya mezani ibaki. Mkurugenzi aliisifu mbele ya mhadhiri wangu. Mama, ambaye ni fundi cherehani, aliwatangazia mashangazi wawili na wateja wote waliokuja kupimwa siku hiyo. Chuo kingepokea ripoti zilizotiwa saini hadi Ijumaa iliyofuata. Ambaye angechelewa angerudia mafunzo mwaka mwingine.

Jumatatu Bwana Sekunde hakuwapo. Nilibonyeza mwenyewe. Dakika nne, kama kawaida. Dashibodi ilionyesha chupa sita za O hasi katika hospitali ya wazazi, na muuguzi akapiga simu kuomba mbili.

"Sita zipi, dada?" sauti ilisikika hadi mezani kwangu. "Friji tupu tangu jana jioni!"

Nilifungua wingu lilipomaliza kuhuisha takwimu. Liliandika sifuri.

Bwana Sekunde aliingia saa mbili na nusu. Mkewe alikuwa ameteleza bafuni, naye alimpeleka kufungwa bandeji.

"Umebonyeza kabla sijanakili?" aliuliza.

"Kunakili nini, mzee?"

Alinieleza bila kusita, kama mtu anayeeleza namna ya kufunga viatu. Kila siku alifika saa kumi na mbili na nusu, akayanakili mafaili kumi na mawili kutoka kwenye seva hadi kwenye diski ya kompyuta yake, moja baada ya jingine. Alianza zamani, mtandao ulipokuwa dhaifu, na hakuna aliyewahi kumwambia aache. Kompyuta yake ilisoma nakala hizo tu. Asipozibadilisha, ilihuisha mambo ya jana.

"Inakuchukua muda gani?"

Alinitazama kwa mshangao. "Sijawahi kupima. Hiyo si kazi, ni maandalizi tu."

Jumanne nilifika saa kumi na mbili na dakika ishirini. Nilipima. Kunakili kulichukua dakika arobaini na sita, na kuhuisha nne. Jumla ni hamsini. Wingu, lililoyafuata mafaili yote kwenye seva lenyewe pasipo mkono wa mtu, lilichukua hamsini na moja.

Bwana Sekunde aliitazama karatasi yangu. "Ukilisema hili, mwanangu, wataona nimewadanganya miaka kumi na mmoja."

"Hukudanganya, mzee. Hukuulizwa. Aliyetumwa kuuliza ni mimi."

"Na saini yako ya chuo?"

Muuguzi, aliyekuwa akipanga masanduku ya barafu, alisema bila kugeuka, "Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga."

Kikao cha kuamua programu ipi ibaki kilianza saa nne asubuhi hiyohiyo. Mkurugenzi aliweka ripoti yangu mbele yake na kufungua kalamu.

"Binti yetu katufanyia kazi safi. Dakika nne! Kuna mwenye la kuongeza kabla sijatia saini?"

Bwana Sekunde aliinamisha kichwa. Nilisimama.

"Ripoti hiyo ina kosa, na kosa ni langu," nilisema. "Nilianza kuhesabu pale kazi ilipokuwa karibu kwisha. Naiondoa. Nitapima upya kwa wiki mbili, kuanzia faili la kwanza linaponakiliwa, ingawa chuo kinafunga mapokezi Ijumaa na nitalazimika kurudia mwaka. Hadi nitakapomaliza, naomba wingu lisizimwe."