Gari la Daktari wa Meno Lililokataa Kutulia

Gari lile lilikuwa limeshalala gereji siku mbili, na bado lilikuwa linanguruma kana kwamba linataka kuruka ukuta. Lilikuwa jekundu, la viti viwili, la chini kiasi kwamba mtu akiingia ni kama anaketi mkekani. Mwenyewe, daktari wa meno, alilinunua mwaka ule mtoto wake wa mwisho alipomaliza chuo, na tangu hapo aliliosha kwa mkono wake kila asubuhi kabla ya kwenda kung'oa watu meno.

Shida ilikuwa moja: sailensa, kama mafundi wanavyoita mwendo wa injini gari likiwa limesimama. Gia haiko, mguu hauko kwenye eksileta, lakini mshale wa mizunguko ya injini uliotakiwa kutulia kwenye mia nane ulikuwa umepanda hadi elfu mbili na kung'ang'ania huko huko.

Mwenye gereji, ambaye pia ndiye fundi mkuu, alikuwa amebadilisha plagi. Akasafisha throto, ule mlango unaopitisha hewa kuingia kwenye injini, mpaka ukang'aa kama kijiko kipya. Akabadilisha sensa mbili, vile vifaa vidogo vinavyopima hali ya injini. Mwishowe, kwa hasira, akaichokoza skrubu ya throto ambayo kiwandani waliifunga ili isiguswe. Mshale haukushuka hata kidogo.

Dada yake, kitindamimba wa nyumba yao, alikuwa upande wa pili wa gereji chini ya lori, ubao wa kulalia mgongoni na tochi mdomoni. Tangu jana yake alikuwa anausikiliza mngurumo ule, na alikuwa na uhakika kwamba kaka anatafuta pasipo. Hakusema kitu. Kaka ndiye aliyemfundisha kushika spana akiwa na miaka kumi na minne, na kumwendea mtu aliyekufundisha ukamwambia amepotea, tena mbele ya mteja, si jambo dogo. Akasubiri aitwe. Kaka naye, mwenye kichwa kigumu tangu utotoni, hakuita.

Asubuhi ya siku ya tatu daktari alikuja na mama yake mzazi, bibi wa miaka themanini na kitu, mwembamba, kitambaa kimefungwa sawasawa kichwani na mkoba mkononi. Alikuwa ameahidiwa kupelekwa kwa mdogo wake, safari ya saa mbili, na nusu nzima ya njia ni mteremko. Bibi aliketi kwenye benchi karibu na mlango wa ofisi, akawa anaangalia mafundi kama mtu aliyelipia kiingilio.

"Fundi, tunatoka?" daktari aliuliza.

"Daktari, sasa nadhani ni kompyuta ya gari. Hiyo mpaka tuagize."

"Lakini inatembea?"

"Kutembea inatembea. Itakupigia kelele tu."

"Kelele hazinisumbui," bibi alidakia. "Anayenisumbua ni huyu mwanangu. Akishika breki anakunja uso kama anasukuma kabati."

Daktari alicheka. "Mama, gari za michezo ndivyo zilivyo. Breki zake ni ngumu."

Chini ya lori, spana ilinyamaza. Dada alijivuta nje, akasimama, akajifuta mikono kwenye ovaroli.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Daktari, samahani. Hizo breki zimeanza kuwa ngumu lini?"

"Ah, mwezi uliopita hivi."

"Na kunguruma?"

"Mwezi uliopita hivi." Daktari alijisikia mwenyewe akirudia maneno yale yale, akaligeukia gari lake.

"Kaka," dada alisema, "nipe nusu saa na hii gari."

Hakusema kwa kuomba wala kwa ubishi. Kaka alimwangalia, akaangalia ukuta, kisha akasogea pembeni. "Nilishapuliza spreyi kwenye kila mpira wa hewa, na mngurumo haukubadilika," alisema. "Hakuna panapovuja."

"Nakuamini. Nataka kujua tu hewa inapita wapi."

Aliwasha injini. Ikapanda palepale, elfu mbili. Alifungua bomba la hewa, akaufunika mdomo wa throto kwa kiganja chake chote, akabana. Injini iliyofungiwa hewa namna ile ilitakiwa kukohoa na kufa. Hii ilipungua kidogo, ikasita, kisha ikaendelea kunguruma kama mtu aliyezoea kufokewa.

"Umeona?" alimwambia kaka. "Nimeifunga pua, na bado inapumua. Throto yako ni safi, kazi yako haina kasoro. Kuna mlango mwingine."

Kaka alisogea hatua moja karibu.

Dada alichukua koleo, akalizungushia kitambaa kwenye meno ili lisichane mpira, akaanza kuibana mipira mmoja baada ya mwingine. Alibana mwembamba wa mbele: mshale haukutikisika. Wa pili: vilevile. Wa tatu, hola. Hakuwa na papara. Alipofika kwenye mpira mnene uliotoka kwenye injini kwenda nyuma, kwenye chombo kinachoupunguzia mguu kazi ya kukanyaga breki, kaka alidakia.

"Huo niliuacha. Unaenda kwenye busta ya breki, na kwa nje ni mzima kabisa."

"Mpira ni mzima, ndiyo," dada alisema, akabana.

Mngurumo ulishuka. Ulishuka wote kwa mara moja, elfu mbili, elfu moja mia tano, elfu moja, mpaka mia nane, na ghafla gereji nzima ikasikia redio iliyokuwa inaimba ofisini tangu asubuhi. Fundi wa bodi aliyekuwa anapiga msasa aliinua kichwa. Bibi kwenye benchi alipiga makofi mawili.

Dada aliachia koleo: mshale ukapanda. Akabana tena: ukashuka. Kisha akamwashiria kaka ashike koleo, akaegemea ndani ya gari na kuinamisha kichwa mpaka karibu na pedali. "Achia," alisema. Kaka alipoachia, dada alisikia mluzi mwembamba nyuma ya pedali ya breki, pale spreyi ya kaka isingefika hata angemaliza makopo kumi. Ngozi ya ndani ya busta ilikuwa imechanika. Injini ilikuwa inavuta hewa kutoka ndani ya gari, karibu na miguu ya daktari.

Alizima injini, akamwita kaka. "Hakikisha mwenyewe."

Kaka aliketi, akakanyaga breki mara nne tano, akashikilia, akawasha injini. Busta ikiwa nzima, pedali hushuka kidogo hapo. Hii iligoma kama jiwe. Kaka alishusha pumzi ndefu.

"Ni busta," alimwambia daktari. "Kaipata yeye."

Daktari alikuwa ameshafurahi, na furaha ilimpeleka mbio. "Basi safi! Si mpira ukibanwa injini inatulia? Zibeni hapohapo, tuondoke, busta nitakuja kuweka wiki ijayo. Mama ananisubiri."

Kaka alisitasita. Daktari alikuwa mteja wa miaka mingi. "Kwa kuziba tu, inaweza..."

"Haiwezi," dada alisema. Alichomoa ufunguo, akautia mfukoni mwa ovaroli. "Daktari, mgonjwa akija kwako na jino linamuuma, ukimpa dawa maumivu yakaisha, unamruhusu aende na usaha wake?"

"Hapana, lakini..."

"Kunguruma ndiko kulikuwa kunatupa habari. Tukiziba, kelele itanyamaza tu. Breki bado haina msaada, na wewe unataka kushuka mlima na mama yako."

"Mimi mguu ninao," daktari alisema, sasa amekasirika kidogo.

Dada aliwaza kidogo, kisha akatoa ufunguo. "Sawa. Twende uani."

Uani palikuwa na nafasi ya kutosha na ukuta wa matairi mwishoni. Alichora mstari kwa chaki, akaweka kopo la rangi tupu hatua tatu mbele yake. Akaziba mpira, akaketi kando ya daktari. "Mwendo wa mtu anayekimbia tu. Simama kwenye mstari."

Daktari aliondoka, akafika kwenye mstari, akakanyaga. Uso ulijikunja, shingo ikatoka mishipa. Gari liliupita mstari, likalipindua kopo, likasimama pua yake ikiwa karibu kugusa matairi. Daktari aliendelea kukanyaga pedali ingawa gari lilikuwa limeshasimama.

"Na hapa ni tambarare," dada alisema taratibu.

Daktari alitoka, akaliokota kopo mwenyewe, akaenda kuliweka mikononi mwa kaka bila kujua kwa nini. Halafu akamwendea mama yake, aliyekuwa amewafuata hadi mlango wa uani. "Mama, leo hatuendi."

"Nimeona," bibi alijibu. "Nina macho."

Busta ilifika siku nne baadaye. Waliifunga pamoja, dada amejikunja chini ya dashibodi, kaka kwa upande wa boneti, wakipeana nati kupitia tundu la ukuta unaotenga injini na viti. Katikati ya kazi dada alitoka kufuata spana, akamwona kaka amechukua bisibisi na kuirudisha ile skrubu ya throto mahali pake, polepole, akihesabu mizunguko kwa midomo. Dada alijifanya hakuona.

"Ungeniambia tangu siku ya kwanza," kaka alisema, bado ameinama.

"Ungeniita."

Kaka alicheka kwa pua. "Lori lako lina sauti fulani kwenye gia ya tatu. Nimeisikia tangu juzi."

"Na hukusema!"

"Hukuniita."

Walipowasha, mshale ulipanda, ukatua kwenye mia nane na kukaa. Pedali ikashuka laini chini ya unyayo. Dada alikuwa bado anafuta mikono daktari alipofika na mama yake, naye bibi hakungoja kukaribishwa. Alizunguka gari, akashika mlango wa abiria, akajishusha kitini kwa tahadhari, mkoba kifuani.

"Twende mama," daktari alisema, akielekea upande wa usukani.

"Wewe subiri," bibi alisema, akamwonyesha dada kwa kidole. "Kwanza anizungushe huyu. Nikirudi salama, ndipo utanipeleka."

Daktari alibaki mlangoni na mkono hewani. Kaka, aliyekuwa ameketi kwenye benchi, alisogea ampishe.