Kamera ya Watoto

"Hivi Mama Asajile, kuosha vyuma vilivyopita kwenye mikojo ya watu, na yenyewe unaiita kazi?"

Mwanaasha aliuliza hivyo siku moja akimkunjia kitenge dukani kwake, pale Kiwira. Mama Asajile, jirani yake, akacheka tu, akaelekea kanisani.

Leo Mwanaasha alikuwa chali kwenye chumba cha upasuaji, kafa ganzi kuanzia kiunoni, jiwe limemkaa kwenye mrija utokao figoni. Mama Asajile alisimama mlangoni na beseni lake, akingoja vyuma vichafu.

"Kamera haipiti," alisema Daktari Nelson. Hakusukuma. "Mrija wenyewe mwembamba. Nikilazimisha nitauchana."

"Kwa hiyo?" aliuliza nesi Beatrice.

"Tunaacha. Aende rufaa, wakamfungue ubavu."

"Ubavu tena, jamani," alisema Mwanaasha, akafumba macho.

Mama Asajile aliitazama kamera mkononi mwa daktari, nene kama sindano ya kufumia. Vyuma vyote vya chumba kile alivijua kwa vidole. Kabatini ilikuwepo kamera nyingine, nyembamba kama spoku ya baiskeli, imebandikwa plasta iliyoandikwa WATOTO. Mtunza stoo aliyeipokea aliuona wembamba wake, akaamua hivyo, na tangu siku hiyo hakuna daktari wa pale aliyeitoa kwa mtu mzima. Lakini Mama Asajile aliwahi kumwona daktari mgeni akiitumia kwa mkulima wa chai wa Kinyala, mtu wa kifua kipana, na kesho yake yule mkulima akarudi nyumbani kwake. Wa kamera nene wengi aliwaona siku ya pili bado wana homa, na mkojo mwekundu. Hakusema. Nani amuulize muoshaji? Ila kila Jumatatu aliitoa ile nyembamba, akaiosha, akapuliza maji tunduni, akaitakasa, akairudisha.

Aliweka beseni chini.

"Daktari, ile ya watoto si ya watoto."

Beatrice akageuka. "Mama Asajile, leo umekuwa daktari?"

"Mimi muoshaji. Ndiyo maana najua iko tayari."

"Ile maji yake yanapita kidogo, mama," alisema Nelson. "Nitaona ukungu."

"Utaona polepole, baba. Lakini utapita."

Sauti ikatoka kitandani: "Mleteeni hiyo ya watoto. Mimi na ubavu wangu tunangoja."

Ikaletwa. Ikaingia bila kubishana. Kwenye skrini palikuwa na ukungu kama wa Rungwe alfajiri, kisha jiwe likajitokeza, la kahawia, kama punje ya muhindi iliyoungua. Nelson akaligonga, akasubiri maji yasafishe, akaligonga tena. Muda ukaenda mrefu. Midomo ya Mama Asajile ilikuwa ikichezacheza, zaburi baada ya zaburi.

"Limekwisha," alisema Nelson, jasho likimtoka. Akamgeukia muoshaji mlangoni. "Ndaga fijo, mama. Asante sana."

Mama Asajile akaokota beseni.

Asubuhi yake Mwanaasha aliingia chumba cha kuoshea vifaa kwa miguu yake, hana homa. Mama Asajile alikuwa akiifuta kamera. Plasta haikuwepo tena. Nelson aliibandua mwenyewe kwa kucha.

"Ni hii?"

"Ndiyo hii."

"Nyembamba hivi."

Mwanaasha aliitazama mpaka akatosheka. Kisha akachukua aproni ya Mama Asajile iliyolowa kwenye sinki, akaikamua, akaikung'uta, akaitundika msumarini, akainyoosha pindo kama anavyonyoosha vitenge vyake dukani. Akatoka, mgongo umenyooka, mkono haushiki ubavu.