Kisu Kwenye Kichuguu Changu

Kichuguu alichonirithisha mama hakikunipa uyoga hata mmoja mwaka huu. Ndiyo maana kwenye sherehe ya uyoga pale hekaluni sikwenda kula supu na wali wa kunata. Nilikwenda kukagua vikapu vya watu.

Kikapu kilichoshinda kilikuwa cha jirani yangu, Buakham. Alikuwa jukwaani akifundisha watu kuchuma. "Uyoga wa kichuguu tunauchimba kwa kijiti cha mwanzi. Ukiguswa na chuma tu, mwakani hauoti."

Nikageuza mmoja wa kwake. Shina limekatwa sawasawa, kazi ya kisu.

Aliposhuka nikamwambia, "Dada Buakham, mwanzi wako una makali kweli."

"Usinitazame hivyo. Goti hili linipeleke msituni? Nimeletewa."

"Na nani?"

Akajifanya anapanga kikapu.

Njia ya kichuguu changu haonyeshwi mtu. Katika maisha yangu nimemwonyesha mmoja tu, mume wangu Khampan. Nikamtafuta kwa macho. Alikuwa mbele ya jukwaa, kisu kiunoni, bado anampigia Buakham makofi.