Nyuki Ndani ya Kisanduku cha Midundo

Hana mdomo wala mapafu, lakini anaimba bila kuvuta pumzi. Ukimnyamazisha kila mtu nyumbani, ndipo unamsikia vizuri. Ni nani huyo? Usikimbilie kusema mbu, maana mbu ana mdomo na sote tunaujua. Umeshindwa? Basi nipe mji, tena uwe na soko na maji ya bomba, nami nikwambie: ni mvumo wa umeme ulioingia kwenye rekodi. Na siku hiyo ulikuwa umehamia kwa mama mmoja, fundi cherehani, ukajikalia kama mgeni asiyejua kuaga.

Mumewe alikuwa mpiga ngoma wa kikundi cha wachezaji tangu ujana wake, hadi bega lilipomkatalia. Ngoma ikatundikwa ukutani, naye akanunua kisanduku cha midundo, kile cha umeme chenye vitufe kumi na sita, akawa anapiga kwa vidole viwili. Asubuhi alikuwa amemtumia kiongozi wa kikundi rekodi yake ya kwanza, na jibu halikuchelewa: "Midundo mitamu, ila kuna nyuki humo ndani. Niletee safi kabla ya saa kumi, la sivyo tutachezea ya mtu mwingine."

Saa nane ilikuwa imeshapita.

"Ni cherehani yako hiyo," mume alisema.

Mkewe akainua mguu kwenye kanyagio, akachomoa na waya kabisa. "Haya, mshitakiwa amelala. Sikiliza." Mume akavaa spika za masikioni.

Mmmmmm.

Wakazima friji. Mmmmmm. Wakazima feni, taa, hata redio ya jikoni ambayo haikuwa imewashwa.

"Nimebaki mimi tu," mke alisema. "Nitoke nje?"

Mume hakucheka. Alikaa mbele ya kisanduku, mikono magotini, kama mtu aliyefika kituoni akakuta basi limeondoka. Mkewe akamtazama, na swali alilokuwa amelifungia moyoni tangu kisanduku kiingie nyumbani likamponyoka.

"Nikuulize, baba watoto. Hiki kitu unakipenda, au unakivumilia tu kwa sababu ya bega?"

Mume akachukua kitambaa, akaanza kufuta plagi iliyokuwa safi. Mke hakumsukuma, jibu zito haliburutwi. Lakini tangu hapo uzi ulikataa kuingia kwenye tundu la sindano, ndipo akaona heri amwite wifi yake.

Wifi huyo, dada wa mume, alikuwa fundi redio mwenye kibanda mtaa wa pili. Alikuja na bisibisi imechomekwa kwenye nywele.

"Wifi, kaka yangu nilikukabidhi mzima. Mbona sasa anavuma?"

"Alikuja hivyo hivyo, wifi. Na karatasi ya dhamana hukunipa."

Fundi redio akavaa spika za masikioni, akasikiliza. Akachomoa waya wa sauti unaotoka kwenye kisanduku kwenda kwenye kinasa sauti: kimya. Akauchomeka: mmmmmm. Kisha akafuata nyaya kwa kidole. Kisanduku kilipata umeme ukuta wa dirishani, kinasa sauti ukuta wa mlangoni, na waya wa sauti ulikatiza chumba kizima kama kamba ya kuanikia nguo.

"Nani kawatenganisha hawa?"

Mke akanyoosha mkono polepole. Ilikuwa sheria yake: tundu moja, mgeni mmoja. Tangu pasi na jiko la umeme vilipochomekwa pamoja vikayeyusha soketi, katika nyumba ile hata chaja ya simu ilisubiri zamu.

"Kwa pasi ni sheria nzuri," wifi alisema. "Lakini hawa wawili wakijumlishwa hawali hata umeme wa balbu moja. Umewashikanisha mikono kwa waya wa sauti, halafu kila mmoja ukampa ukuta wake. Umeme umepata njia ya kuzunguka, unapitia humo humo kwenye sauti. Waweke pamoja."

Mke akaleta ekstensheni, akawachomeka mwenyewe, jicho moja amelifumba. Hakuna kilichoungua. Mvumo ukakatika.

Ikabaki shhhh nyembamba, kama mvua ya mbali. Wifi akainama.

"Kaka, mbona kisanduku kinanong'ona? Umekishusha sauti, kisha kinasa sauti umekipandisha kikitegee sikio. Ndiyo maana kinanasa mpaka pumzi za nyaya."

"Nilishusha nisimsumbue mwenzangu akishona."

"Na hizo spika huzivaa wewe masikioni," mke alisema. "Mimi nisumbuliwe na nini?"

Hapo hata mume alicheka. Akapandisha kisanduku, akashusha kinasa sauti, na vidole viwili vikaanza kukimbia. Mke alipopewa spika kusikiliza, alisikia mdundo, na baada ya mdundo hakusikia kitu, hata unyoya.

Saa kumi kasorobo rekodi ilitumwa. Chai haijapoa, jibu likaja: "Nyuki wamehama. Kesho tunaanza mazoezi nayo. Uje mwenyewe, usitume kisanduku peke yake."

Wifi akarudi kibandani kwake. Mke akaweka mguu kwenye kanyagio, na kabla hajakanyaga, mume akasema, macho yakiwa bado kwenye vitufe:

"Nakipenda. Ile ngoma ya ngozi ndiyo niliyokuwa naivumilia, mwaka mzima kabla sijakwambia bega linauma."