Makaa ya Mzee Olegario

Nibia alikuwa ametoka zamu ya usiku, kusafisha wodi, na alitaka kitu kimoja tu: kujilaza. Lakini ilikuwa Jumapili, na Jumapili baba yake huchoma nyama uani. Tena mdogo wake Heber alikuwa amekuja Durazno kutoka Montevideo na neno lake lile lile.

"Mara ile mbavu zilikuwa mbichi, dada. Leo zikitoka vile tena, namchukua akakae kwangu. Mzee kachoka."

"Nani hajachoka hapa?"

"Kwangu atapumzika."

Kwako ghorofani, Nibia aliwaza, hata pa kuwashia kuni hakuna. Atakufa kwa huko kupumzika.

Akatoka na kibuyu cha mate, ile chai chungu ya majani ya kwao, ampelekee mzee anywe. Akamkuta Mzee Olegario amesinzia kitini, kidevu kifuani. Kuni zilizowashwa pembeni zilikuwa zimeshakuwa makaa mekundu, ila chini ya wavu wa nyama limebaki jivu tu. Mafuta ya mbavu yalianza kuganda.

Kwao moto wa mchomaji haushikwi na mwingine. Hata marehemu mama, aliyemkemea mzee kwa kila jambo, hakuwahi kuugusa. Lakini akimwamsha, Heber atasikia dirishani.

Akaweka kibuyu chini, akashika koleo, akavuta makaa na kuyatandaza chini ya mbavu. Mgongo ulimuuma. Baada ya muda nyama ikaanza kuchuruzika mafuta.

Mezani Heber alitafuna, akatafuna tena, halafu akasukuma kiti. "Haya jamani, makofi kwa mchomaji!"

Wakapiga. Mzee akainua kofia kidogo. Habari ya Montevideo haikutajwa tena. Heber aliomba soseji nyingine.

Nibia alipokuwa akikusanya sahani, mzee akamshika mkono.

"Mimi makaa nayajaza pembeni, katikati naweka kidogo. Wewe umeyatandaza kama shuka za hospitali."

Nibia akahisi uso unamwaka. "Nisamehe, baba."

"Nikusamehe nini? Jumapili ijayo uwahi, upasue kuni. Mimi nitakaa pale na kofia yangu."

Uwahi. Kutoka zamu ya usiku, moja kwa moja kwenye shoka.

"Sawa, baba," alisema, akabeba sahani kwenda kuziosha.