Kizingiti cha Mama Shanta

Kazi yangu ni kutembeza wageni. Cheti sina, mdomo ninao. Nawaanzia bandarini na habari za meli za vita, Mwingereza alivyomfuata Mjerumani humu ziwani. Kisha mti wa kunyongea, kisha viwanja walikohutubia watu wa uhuru.

Mwezi wa saba akanipigia mtu anaitwa Aman, yuko Uingereza. Baba yake, Mzee Ramniklal, mzaliwa wa Mwanza, ana miaka themanini na mbili, macho yamefifia, karibu haoni, anataka kuiona bandari na sehemu za uhuru.

"Na nyumba yao," akaongeza. Ya ghorofa moja, nyuma ya soko kuu, nguzo mbili barazani.

Ndiyo nyumba ninayokaa. Serikali iliitaifisha zamani, sasa tumo familia saba tumepanga.

Mimi na jambo moyoni hatulali pamoja. Chai haijapoa nimeshamwambia Hellen wa chumba cha pili, na kufika jioni ua mzima unajua Mhindi anakuja kuchukua nyumba yake. Mimi sikusema kuchukua, nilisema kuona. Lakini sikusahihisha, baraza lilikuwa limenoga.

"Mtu apande ndege toka Ulaya aje kuangalia ukuta?" Masele akauliza. Huyu ni fundi viatu, mpangaji wa siku nyingi kuliko wote. "Mama Queen, mgeni ni wako. Mwambie ilibomolewa."

"Nimdanganye mzee wa watu?"

"Basi mkaribishe. Wakitutoa, utatutafutia vyumba huko mbali Nyegezi, na magodoro utatubebea wewe."

Watu wakacheka. Nikaapa mbele yao kwamba hataiona.

Siku ikafika. Mzee mwembamba, kamshika mwanawe mkono.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu." Kiswahili chake kilikuwa kisafi kuliko changu.

Bandarini nikaanza na meli zangu za vita. Hakusikiliza. Alikuwa ameelekeza uso majini.

"Hapa nilishuka siku nne nimechelewa," akasema.

Mwaka wa uhuru alikuwa kijana, anakwenda Bukoba kufanya kazi kwenye duka la mjomba wake. Mama yake, Shanta, aliletewa majora ya kijani, njano na nyeusi ashone bendera za mtaa. Akamwomba mwanawe abaki wiki moja amsaidie.

"Nikamwambia, hiyo si bendera yetu, unajiumizia macho bure. Alinisindikiza mpaka mlango wa nyuma, akasimama kwenye kizingiti. Sikugeuka. Ikaja simu ya maandishi, amefariki. Meli ikakawia. Nafika, wameshamchoma kwa mila yetu." Akanigeukia. "Sidai nyumba, mwanangu. Nipeleke nikiguse kile kizingiti, nimwombe radhi. Basi."

Aman akatazama chini. Ningeweza kusema ukweli pale pale. Lakini nilikuwa nimeapa, na nikawaza: leo kizingiti, kesho wakili.

"Ilibomolewa, mzee," nikasema. "Kiwanja nitakuonyesha."

Nikawapeleka kwenye eneo la kuegesha magari, mitaa mitatu kutoka kwetu. Mzee akasimama, akatega sikio.

"Mbona kengele ya kanisa inatokea mbali?"

"Kanisa lilihama, mzee."

Akaamini. Akavua viatu. Aman akamshusha taratibu mpaka akapiga magoti kwenye kokoto zenye oili, akawasha taa ndogo ya udongo yenye samli, akaweka paji la uso chini. Maneno yake sikuyajua, ila moja alilirudia: "Ba. Ba." Nikajua anamwita mama.

"Oya, mzee kadondosha funguo?" mlinzi akapiga kelele.

"Funga mdomo wako!" nikamjibu.

Nyumbani walikuwa wamepika sato, wananingoja kama bibi harusi.

"Mama Queen jembe!" akasema Hellen. "Alisemaje? Tupe yote!"

Nikawaambia yote. Kicheko kikaanza, kikaishia njiani. Masele akaacha kutafuna.

"Kizingiti tu?"

"Kizingiti tu."

"Si ungetuambia?"

"Ningewaambia lini, Masele? Ulinipigia simu mara tano uhakikishe nimedanganya."

Hakuna aliyemaliza samaki wake. Mtu mmoja akasema kwa nini tusimlete kesho asubuhi, tumfagilie kizingiti. Wote wakasema ndiyo, ndiyo. Hellen usiku huohuo akasugua mlango wa nyuma kwa sabuni.

Asubuhi na mapema nikapiga simu. Nyuma ya sauti ya Aman nilisikia wanatangaza abiria waingie ndegeni.

"Mzee yuko?"

"Yuko, amesinzia kwenye kiti. Dada, sijui nikushukuruje. Tangu nizaliwe sijamwona hivi. Anasema jana mama yake amemsamehe, amemsikia. Kuna shida?"

Wapangaji walikuwa wamenizunguka, Masele kavaa shati lake la kanisani.

"Hakuna shida," nikasema. "Nilitaka kuwatakia safari njema."

Nikakata. Wakabaki wananitazama, wamesimama pande zote mbili za mlango wa nyuma, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kupita.